Mashine ya Siku ya Wagonjwa Wawili

Hotuba kwa wamiliki wa kliniki ndogo na wanamaabara, Nairobi

Mabibi na mabwana, wamiliki wa kliniki, maafisa wa kliniki, wauguzi na wanamaabara wenzangu, hamjambo. Nawashukuru kwa kunialika, na kwa kuwa wengi wenu mmeacha kazi mapema ili mfike mjini kabla Jogoo Road na Thika Road hazijafungana, sitawachelewesha kwa utangulizi.

Mmeniomba nizungumzie namna ya kuchagua mashine ndogo ya kupimia kemia ya damu, ile inayotupa kreatinini na urea, ambazo huonyesha kazi ya figo, pamoja na sukari, vimeng'enya vya ini, mafuta na chumvi za damu, kwa ajili ya kituo chenye chumba kimoja cha maabara, mwanamaabara mmoja au wawili, na mgonjwa ambaye hulipa kwa M-Pesa kabla hajatolewa damu. Tunapokwenda kununua mashine ya namna hii, wengi wetu huwa tunaifikiria siku yenye shughuli nyingi. Tunamwuliza wakala kwamba inapima vipimo vingapi kwa saa, naye hufurahi kujibu, maana karatasi yake ya matangazo imeandaliwa kwa swali hilo. Miaka niliyofanya kazi katika maabara za mtaani, kuanzia Eastlands hadi Kawangware, imenifundisha kuuliza swali jingine: siku ya Jumanne yenye mvua, wagonjwa wa kemia wakiwa wawili tu tangu asubuhi, je, nitamudu kuiendesha mashine hii sawasawa? Nasema sawasawa nikimaanisha kwamba imesawazishwa kwa kiwango kinachojulikana, sampuli za udhibiti, zile ambazo jibu lake tunalijua tayari, zimepimwa na kukubalika kabla ya mgonjwa wa kwanza kuguswa, na vitendanishi, yaani kemikali za kupimia, au riajenti kama tulivyozoea kusema, havijapitwa na muda. Mashine itakayoendeshwa hivyo siku ya wagonjwa wawili haitatushinda siku ya wagonjwa ishirini. Nimeona nyingi zilizofaa siku ya ishirini tu, na nimeona waliodhurika ni wale wawili.

Kwa hiyo kabla hamjampigia wakala yeyote simu, chukueni daftari la maabara la miezi mitatu iliyopita mhesabu vipimo vya kemia siku kwa siku. Jumla ya mwezi haitoshi, kwa sababu inaficha umbo la kazi yenu. Kliniki mbili zinaweza kuwa na kreatinini 60 kwa mwezi kila moja, lakini moja ikawa inapima mbili au tatu kila siku, na nyingine ikawa na kliniki ya kisukari siku ya Alhamisi, ikapima kumi na tano siku hiyo na kukaa kimya siku nyingine zote. Kliniki hizo mbili hazihitaji mashine moja. Andikeni pia vipimo mlivyoagiza mkavituma nje, na vile ambavyo afisa wa kliniki alivitaka lakini hakuviandika kwa sababu alijua havipatikani. Hilo la mwisho haliko daftarini, itabidi mketi naye mmwulize.

Naomba sasa mnivumilie katika hesabu moja, kwa maana hapa ndipo kliniki nyingi hupotelea. Tuseme chupa ya kitendanishi cha kreatinini inauzwa shilingi 3,000 na inatosha vipimo 200. Wakala atawaambia kwamba kila kipimo kinagharimu shilingi 15, na kwa karatasi yake hasemi uongo. Lakini chupa ikishafunguliwa, tuseme ina uhai wa siku 30. Kliniki yako inafanya kazi siku 26 kwa mwezi, na kila asubuhi unatakiwa kupima sampuli mbili za udhibiti, ambazo maabarani tunaziita kontroli, moja ya kiwango cha kawaida na nyingine ya kiwango cha juu. Hizo ni 52. Kusawazisha na kurudia vipimo vilivyotiliwa shaka, weka 10. Ukiwa na wagonjwa watatu kwa siku, wanakuwa 78. Jumla ni 140, na vipimo 60 vilivyobaki chupani vinamwagwa. Waliolipa ni wale 78 peke yao, hivyo kila mmoja amebeba shilingi 38 na ushei. Sasa punguza wagonjwa wawe mmoja kwa siku: chupa ile ile inagawanywa kwa watu 26, na kila kipimo kimefika shilingi 115, kabla hujahesabu bei ya hizo kontroli zenyewe, maji safi, ncha za pipeti na saa za mwanamaabara. Upande wa pili wa meza yuko wakala mwingine mwenye slaidi au katriji ya kutumika mara moja, tuseme kwa shilingi 150. Tofauti iliyokuwa mara kumi kwenye katalogi, katika kliniki yenye mgonjwa mmoja kwa siku, inakaribia kufutika. Katika kliniki yenye wagonjwa kumi kwa siku inarudi kwa nguvu zote. Bei hizi nimezitoa kwa mfano. Wekeni bei mtakazopewa, ila mgawanye kwa wagonjwa walio katika daftari lenu, msigawanye kwa idadi iliyoandikwa kwenye boksi.

Hesabu hii ina matokeo yanayozidi fedha. Mmiliki anapoona kwamba zaidi ya robo ya chupa inaishia kwenye kontroli, hushawishika kuziacha. Husema tutapima kontroli Jumatatu na Alhamisi, baadaye husema tutapima tukiwa na shaka. Niliwahi kufanya kazi katika kliniki moja upande wa Eastlands ambako tulifika hapo. Mashine yetu ilikuwa nusu otomatiki, ya fotometa, na mwishoni mwa mwezi mmoja tulifungua bechi mpya ya kitendanishi cha kreatinini bila kuisawazisha upya, hivyo mashine ikaendelea kukokotoa kwa kizidishi cha bechi ya zamani. Siku tisa za kazi hatukupima kontroli hata moja. Katika siku hizo alikuja dereva wa matatu, mwanamume wa miaka 54, mgonjwa wa kisukari aliyekuwa akifuata matibabu yake vizuri kabisa. Kreatinini yake ilisoma mikromoli 161 kwa lita. Ukiingiza namba hiyo katika fomula ya CKD-EPI ya mwaka wa 2021, uwezo wa figo unatoka takriban 44, chini kidogo ya 45, mahali ambapo tabibu hutakiwa kupunguza metformin, dawa ya kisukari. Afisa wa kliniki alifanya kama alivyofundishwa, akapunguza dozi kwa nusu na kumweleza mgonjwa kwamba figo zimeanza kuchoka. Wiki tatu baadaye dereva yule alikwenda kupimwa katika maabara kubwa. Kreatinini yake ilikuwa 104, na uwezo wa figo takriban 74. Katika wiki hizo tatu sukari yake ilikuwa imepanda, naye alikuwa ameshawaambia watoto wake wajiandae kwa dialisisi. Alirudi kwetu na karatasi zote mbili mkononi, akaziweka mezani sambamba, akauliza kwa upole ni ipi iliyokuwa damu yake. Mimi ndiye niliyekuwa nimesimama upande wa pili wa meza ile.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikiziangalia mashine zote kwa jicho moja: je, aina hii inampa mwanamaabara sababu ya kuruka kontroli, au inamwondolea?

Nusu otomatiki ndiyo ya bei nafuu na ndiyo iliyoenea. Mwanamaabara anapima kitendanishi kwa pipeti, kwa kawaida mililita moja, anaongeza mikrolita chache za seramu, yaani majimaji ya damu yaliyotenganishwa na chembe, anachanganya, anasubiri katika nyuzijoto 37, halafu mashine inafyonza mchanganyiko ule na kusoma ni mwanga kiasi gani uliopita. Vitendanishi vyake unaweza kuvinunua kwa wauzaji mbalimbali, na hiyo ni faida ya kweli. Lakini matokeo yanategemea mkono. Pipeti ambayo haijakaguliwa mwaka mzima, kipovu kimoja cha hewa ndani ya kyuveti, kile kichupa cha kusomea, au mwanamaabara aliyeitwa kutoa damu dakika ile ile ambayo kipimo kinahitaji kusomwa, yote hayo yanaingia katika namba, na namba haionyeshi alama yoyote. Kreatinini ndiyo inayoumia zaidi. Vitendanishi vingi vya bei ya chini bado vinatumia mmenyuko wa asidi ya pikriki ambao Max Jaffe aliueleza mwaka wa 1886, na mmenyuko huo hautofautishi vizuri kreatinini na vitu vingine vilivyomo katika damu: ketoni za mgonjwa wa kisukari aliyezidiwa na baadhi ya antibiotiki za jamii ya sefalosporini huipandisha, bilirubini nyingi huishusha. Kliniki yenye wagonjwa wengi wa kisukari ingefanya vyema kulipia kreatinini inayopimwa kwa kimeng'enya badala ya asidi hiyo, hata kama ni ghali, na mashine isiyoikubali njia hiyo ningeipunguzia alama.

Zipo mashine za mezani zilizo otomatiki kamili, ndogo kiasi cha kukaa juu ya kabati, zinazofyonza na kuchanganya zenyewe. Ni nzuri, na kituo chenye wagonjwa ishirini wa kemia kila siku kinazihitaji. Ila zinahitaji maji yaliyoondolewa madini kila siku, kuoshwa asubuhi na jioni hata siku isiyo na mgonjwa, na kila chupa ina ujazo wa chini ambao sindano haiufikii, ujazo mliolipia nao.

Slaidi kavu zinafanya kazi kwa namna nyingine. Kitendanishi kimepakwa kwa matabaka juu ya utando mwembamba, unadondosha mikrolita kama 10 za plazma, na mashine inasoma mwanga unaorudi. Hakuna maji, hakuna kuchanganya, na kila slaidi imefungwa peke yake, hivyo inayobaki inasubiri hadi tarehe yake ya mwisho. Sentrifuji, mashine ya kuzungusha damu ili itengane, bado utaihitaji. Kwa kliniki ya mgonjwa mmoja hadi watano kwa siku, mimi huanza kutazama hapa.

Diski zinakwenda mbele zaidi. Katika mashine za aina hii, unaweka takriban mililita 0.1 ya damu nzima ndani ya diski ya plastiki, diski inazungushwa, plazma inajitenga humo humo na kugawanywa katika vijumba vyenye vitendanishi vikavu, na baada ya dakika kama 12 majibu ya vipimo vyote vya diski ile yanatoka pamoja. Mwuguzi aliyefunzwa anaweza kuiendesha. Tatizo lake ni kwamba diski inauzwa nzima: daktari akitaka kreatinini peke yake, umetumia diski ya vipimo kumi na zaidi, na mgonjwa wa Kayole hatalipia ini lake kwa sababu tu figo yake inahitaji kupimwa. Wapeni wakala majina ya vipimo mnavyoagiza pamoja mara nyingi, muone kama kuna diski inayofanana na tabia yenu.

Mashine ya chumvi za damu, yaani sodiamu, potasiamu na kloridi, naitaja peke yake kwa sababu inawashangaza wengi. Hutumia elektrodi, na elektrodi hazipendi kukauka. Kwa hiyo mashine inajisafisha na kujisawazisha yenyewe mchana na usiku kwa maji ya pakiti yake, uwe na mgonjwa usiwe naye. Nimeona pakiti ikiisha huku daftari likionyesha wagonjwa wanne. Ukiizima ili kuokoa pakiti, elektrodi zinaharibika, nazo ni ghali kuliko pakiti. Kituo chenye wagonjwa wachache wa potasiamu ni bora kitumie katriji za mara moja, au kitume nje.

Naomba nikae kidogo kwenye potasiamu, maana ndicho kipimo kinachoweza kumfanya tabibu achukue hatua usiku huo huo. Mashine iliyo bora kuliko zote itaripoti kwa uaminifu kilichomo ndani ya chupa, hata kama kilichomo si hali ya mgonjwa. Damu ikitolewa kwa nguvu kwa sindano nyembamba, chembe nyekundu hupasuka na potasiamu iliyomo ndani yake humwagika. Damu ikilazwa kwenye friji bila kutenganishwa, potasiamu huvuja usiku kucha na asubuhi seramu inaonekana safi kabisa. Na mtu akimimina damu kutoka chupa ya zambarau kwenda chupa nyekundu kwa sababu nyekundu haikujaa, ameingiza EDTA, kemikali ya kuzuia damu kuganda, yenye potasiamu: potasiamu itasoma juu, kalsiamu itasoma chini isivyowezekana, na mgonjwa aliyekaa benchi akizungumza na simu ataonekana katika karatasi kama mtu ambaye moyo wake uko karibu kusimama. Mashine za seramu zinakupa nafasi ya kuona wekundu kwa macho kabla ya kupima. Zile za damu nzima zinakunyima nafasi hiyo, kwa hiyo mwulizeni wakala bila haya: mashine yako inatambua damu iliyopasuka? Baadhi hupima wekundu na kukataa kutoa jibu. Nyingine haziwezi kutambua, na zitatoa namba. Sukari nayo hushuka kati ya asilimia 5 na 7 kila saa katika damu isiyotenganishwa, iwapo haikuwekwa katika chupa ya kijivu yenye floridi. Fedha ya sentrifuji nzuri na chupa sahihi iwe ndani ya bajeti ya mashine tangu mwanzo.

Nije kwenye mashine ya bure. Wengi wenu mmeshatembelewa na wakala aliyesema kwamba atakuwekea mashine bila malipo, mradi ununue vitendanishi kwake. Mpango huu si ulaghai. Umesaidia vituo ambavyo visingeweza kutoa mamia ya maelfu ya shilingi kwa mkupuo. Ila kandarasi isomwe kwa kalamu mkononi. Tafuteni mahali palipoandikwa kiasi cha chini cha manunuzi kwa mwezi, kisha mrudi kwenye daftari lenu na kulinganisha na mwezi wenu ulio hafifu kuliko yote. Kwa wengi ni Januari, karo za shule zinapolipwa na watu kuvumilia maradhi nyumbani. Tafuteni bei itapandaje shilingi ikishuka. Tafuteni ni nani anayelipia taa, mirija na elektrodi, fundi anafika baada ya saa ngapi, na mashine mbadala inaletwa lini fundi akishindwa. Ahadi ya mdomo kwamba fundi yuko hapa hapa Industrial Area haina uzito kama haipo katika karatasi. Mashine nyingi za mpango huu ni za mfumo uliofungwa, yaani zinasoma alama ya boksi na kukataa kitendanishi cha mwingine. Mimi sipingi mfumo uliofungwa. Mara nyingi ndio wenye usahihi zaidi kwa sababu kila kitu kimetengenezwa pamoja. Ninachokataa ni mfumo uliofungwa wenye muuzaji mmoja asiye na akiba. Kabla ya kutia sahihi, mwambieni awauzie boksi moja la kila kipimo leo, mtazame tarehe ya mwisho ya kila boksi. Akileta yenye miezi miwili iliyosalia, mmeshaiona ghala yake.

Kuhusu chumba nitapita haraka. Mashine nyingi za aina hii zimeundwa kufanya kazi katika joto la nyuzi 15 hadi 30, na chumba chenye paa la mabati mwezi wa Februari kinavuka hapo kabla ya saa nane mchana. Stabilaiza na UPS si anasa. UPS iwe na uwezo wa kumaliza kipimo kilichoanza na kuzima mashine kwa utaratibu. Friji ya vitendanishi iwe yake peke yake, yenye kipimajoto kinachosomwa mara mbili kwa siku, kati ya nyuzi 2 na 8, isiwe ile ya maziwa ya chai. Maji ya kisima kirefu, ambayo majengo mengi ya Nairobi hutegemea, yana madini mengi na hayafai kuingia katika mashine hata yakichemshwa. Kuchemsha huua vijidudu na kuacha madini. Uchafu wa mashine nao upangiwe njia yake mapema, kwa sababu vitendanishi vingi vina azidi ya sodiamu au asidi ya pikriki, vitu visivyopaswa kumwagwa tu kwenye sinki bila kufikiri.

Jambo moja dogo linalosahaulika ni vizio. Hakikisheni mashine inaripoti kwa vizio ambavyo matabibu wenu wamevizoea, na kwamba mtu mwingine hawezi kuvibadilisha kwa kubonyeza kitufe kwa bahati mbaya. Kreatinini ya miligramu 1 kwa desilita ni mikromoli 88.4 kwa lita, na hapo tofauti ni kubwa kiasi kwamba kosa hujitangaza lenyewe. Urea ndiyo yenye hatari, kwa kuwa mashine zilizoandaliwa kwa soko la Marekani huripoti naitrojeni ya urea, na tofauti kati ya hiyo na urea yenyewe ni mara 2.14 tu. Mtu mwenye urea ya miligramu 43 kwa desilita akisomwa kana kwamba namba hiyo ni naitrojeni, amegeuzwa kutoka milimoli 7 kwa lita hadi 15. Namba zote mbili zinaaminika kwa macho.

Sasa mmeipata mashine mnayoitaka. Msilipe bado. Ombeni iletwe kwenu kwa majaribio ya siku tano, ikae juu ya meza yenu, itumie umeme wenu, iendeshwe na mwanamaabara wenu bila fundi wa wakala kusimama mgongoni mwake. Pimeni sampuli moja mara ishirini muone namba zinavyotawanyika. Kisha chukueni sampuli zisizopungua ishirini za wagonjwa, nyingine za chini, nyingine za kawaida, nyingine za juu, mgawanye kila moja: nusu ipimwe kwenu, nusu ipelekwe siku hiyo hiyo katika maabara iliyothibitishwa na KENAS, shirika la ithibati la Kenya, kwa ISO 15189, kiwango cha kimataifa cha maabara za tiba. Kama mnatafuta mpaka wa kukubali, kanuni za Marekani zinazotumika tangu 2025 zinaruhusu potasiamu itofautiane kwa milimoli 0.3 kwa lita, baada ya kuwa 0.5 kwa miaka mingi, na kreatinini kwa asilimia 10 au mikromoli kama 18, lolote lililo kubwa. Mashine inayoshindwa hapo mbele ya mwenyewe, mkiwa bado mna fedha zenu mfukoni, haitajirekebisha mkishalipa. Ulizeni pia kama wakala na mashine yake wanatambuliwa na Bodi ya Dawa na Sumu, na kama vitendanishi vimepita kwa KMLTTB, bodi yetu ya wanamaabara iliyoundwa kwa sheria ya mwaka wa 1999. Na kama mashine inahifadhi majina ya wagonjwa au kuyatuma kwenye intaneti, Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inawahusu ninyi, si mtengenezaji peke yake.

Wapo miongoni mwenu ambao wakimaliza kuhesabu daftari watagundua kwamba hawahitaji mashine mwaka huu. Nawaomba wasione aibu. Kituo chenye sentrifuji nzuri, mwanamaabara anayetenganisha seramu ndani ya saa moja, boksi la baridi na mwendesha boda anayefika maabara kubwa kabla ya saa sita, kinampa mgonjwa potasiamu ya kweli jioni hiyo hiyo. Kituo jirani chenye mashine inayong'aa na kontroli ya wiki iliyopita hakimpi. Baadhi ya vituo ninavyovitembelea nimevishauri vinunue kidogo tu: slaidi za kreatinini, sukari na ALT, kimeng'enya cha ini, kwa kuwa ndizo wanazozihitaji kwa wagonjwa wa kisukari, wa shinikizo la damu, wa tenofovir, dawa ya VVU, na wa dawa za kifua kikuu, na mengine yote yaende nje.

Nimekuja na nakala ya chati ya kontroli ya kreatinini kutoka kliniki ile ya Eastlands, ya mwezi ule aliokuja dereva. Haina jina la mtu wala la kituo. Mtaona nukta zikipanda na kushuka karibu na mstari wa kati, halafu nafasi tupu ya siku tisa, kisha nukta moja juu kabisa, karibu na ukingo wa karatasi. Naomba ianze safu ya mbele ipite mkono kwa mkono hadi nyuma, nami nitapokea maswali ikiwa inazunguka.